Yasemwayo Ruhuwiko kuhusu minyoo fundo: kipi kweli, kipi si kweli

Mwezi wa tisa jua la Songea huwa kali. Ukipita kwenye bustani za bondeni huku Ruhuwiko saa nane mchana, utakuta nyanya zimeinama ilhali udongo chini yake bado una unyevu wa maji ya asubuhi. Jioni zinasimama. Kesho mchana zinainama tena. Mwenye bustani anaongeza maji, halafu mbolea ya kukuzia, halafu dawa ya ukungu, na kila hatua inamtoa hela mfukoni.

Hayo yalinikuta. Nilipoishiwa na maarifa nilipitisha jembe chini kabisa ya shina moja, nikaliinua na udongo wake wote, nikalichovya kwenye ndoo ya maji na kulitikisa taratibu. Mizizi iliyobaki mkononi haikuwa na umbo la mizizi. Ilikuwa imevimba vinundu vilivyoshikana kama tangawizi, na ile mizizi myembamba inayonyonya maji haikuwepo kabisa. Nilipasua kinundu kimoja kwa ukucha, nikaona vitone vyeupe vidogo kuliko kichwa cha pini. Kila kitone ni mnyoo jike aliyenenepa mpaka akashindwa kutoka alipo.

Tangu siku hiyo nasikiliza kwa makini yanayosemwa kuhusu minyoo hawa, kwenye maduka ya pembejeo, kwenye vikundi vya wakulima, hata barazani. Mengine ni kweli. Mengine yanawagharimu watu msimu mzima.

"Nyanya zikidumaa, udongo umechoka. Ongeza mbolea."

Si kweli, na ndiyo imani inayokula fedha nyingi kuliko zote. Mnyoo fundo mchanga ana urefu usiofika nusu milimita. Anapenya karibu na ncha ya mzizi na kukaa, kisha anazilazimisha chembe chache za mmea zivimbe na kumlisha yeye. Jike hutaga mayai kwa mamia kwenye utepe wa ute, na udongo ukiwa na joto mzunguko mzima huchukua kama mwezi. Nyanya ya miezi minne inaweza kulea vizazi vitatu kabla hujamaliza kuchuma. Wakati huo njia za maji ndani ya mzizi zimepindwa na kuzibwa, kwa hiyo mbolea uliyomwaga inabaki chini ikisubiri mvua iisombe.

Ila kuna tahadhari kwa anayelima maharage. Vinundu vya maharage vingi ni rafiki. Hukaa ubavuni mwa mzizi, ukivisugua kwa kidole vinadondoka, na ukipasua kimoja utakuta wekundu ndani. Humo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea. Kinundu cha mnyoo hakidondoki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Nimeona mtu akichoma masalia ya maharage mazuri kabisa kwa kutojua tofauti hii.

"Panda mahindi mwaka mmoja, minyoo watakufa njaa."

Hapa jibu linategemea nani yuko ardhini, na ndipo habari ya vipimo vya kumtambua mnyoo inapoanza kuwa na maana kwa mkulima.

Huku kwetu mahindi ndiyo zao la kwanza. Mvua zinaanza mwishoni mwa mwaka, mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa sita, kisha wenye maji bondeni wanaingiza nyanya, kabichi na mboga. Wengi wanaamini kipindi cha mahindi kinasafisha shamba, kwa sababu ukiung'oa muhindi huoni vinundu. Kama mnyoo aliyepo ni Meloidogyne hapla, anayependa nyanda za baridi, imani hiyo ni sahihi, maana hazaliani kwenye mahindi. Lakini kama ni Meloidogyne incognita au Meloidogyne javanica, wale wawili walioenea zaidi katika nchi za joto, mahindi ni chakula chao. Vinundu kwenye mizizi ya mahindi huwa vidogo sana au havionekani kabisa, na mnyoo anazaa humo kimyakimya mpaka nyanya zije.

Karanga nazo zina hesabu yake. Incognita hawezi kuzaliana kwenye karanga, kwa hiyo msimu wa karanga unampunguza kweli. Hapla anaziweza vizuri. Wakulima wawili waliopakana mpaka wanaweza kufanya mzunguko uleule wa mazao, mmoja akapona na mwingine akaongeza tatizo, na wote wawili wakawa wamefuata ushauri uleule.

"Mnyoo fundo ni mmoja. Mbegu inayostahimili inastahimili wote."

Si kweli. Chukua pakiti ya mbegu ya nyanya chotara na usome herufi ndogo za nyuma. Kwenye baadhi utaona Ma, Mi, Mj. Hizo ni arenaria, incognita na javanica. Hapla hayumo. Kinga hiyo inatokana na jeni linaloitwa Mi, ambalo watafiti walilitoa kwenye nyanya pori ya Peru miaka ya 1940 na kulihamishia kwenye nyanya tunazokula. Ni kinga nzuri sana, lakini ina mipaka miwili. Haimgusi hapla wala Meloidogyne enterolobii, na inalegea udongo unapopita nyuzi joto 28 hivi. Kwa hiyo anayepanda mbegu hizo wakati wa joto afunike matuta kwa nyasi, hata kama ameshalipia kinga.

Kuhusu kuchanganya aina, kuna kisa kinachoihusu Tanzania moja kwa moja. Mwaka 1968 mtaalamu A. G. Whitehead alieleza kwa mara ya kwanza aina mpya ya mnyoo fundo aliyetokana na nyanya za Mlalo, kule milima ya Usambara. Akamwita Meloidogyne ethiopica. Miaka mingi baadaye, mwaka 2003, nyanya za kwenye banda la kulimia huko Slovenia zilikutwa na vinundu, na mnyoo wake akatambuliwa kuwa ni huyohuyo wa Mlalo. Ulaya ikapata wasiwasi, jina likaingia kwenye orodha za tahadhari. Uchunguzi wa vimeng'enya na vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba hakuwa yeye. Alikuwa Meloidogyne luci, aina iliyoelezwa mwaka 2014 tu. Kwa miaka zaidi ya kumi wataalamu wenye darubini nzuri walikuwa wakimsingizia mnyoo wa Mlalo. Siwalaumu. Wanyama hawa kwa sura ni kama punje mbili za mchele.

"Kumjua mnyoo ni nani kunahitaji maabara kubwa na wiki kadhaa."

Ilikuwa kweli kwa muda mrefu, na kwa sehemu bado ni kweli. Lakini mlango umeshafunguka, na naomba nikae hapa kidogo.

Kila kiumbe kina vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe zake. Kipimo cha PCR, kilichobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, kinatafuta sentensi moja fupi katika maandishi hayo, sentensi iliyomo kwa incognita na haimo kwa hapla. Kikiipata kinainakili tena na tena mpaka nakala zinakuwa nyingi kiasi cha kuonekana. Taabu yake ni mashine. Lazima kichupa kipashwe moto mpaka karibu nyuzi 95, kipozwe, kipashwe tena, mara 30 au 40, bila kukosea. Mashine hiyo inataka umeme usiokatika na chumba safi.

Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha njia nyingine iitwayo LAMP. Hii inafanya kazi kwenye joto moja tu, kati ya nyuzi 60 na 65, na majibu yanapatikana ndani ya saa moja hivi. Joto hilo unaweza kulishikilia kwa kifaa kidogo cha betri, au hata kwa maji ya moto yanayoangaliwa kwa kipimajoto. Jibu linasomwa kwa macho. Kwenye aina moja ya kipimo hicho kimiminika cha waridi hugeuka njano kikimkuta anayetafutwa, na kisipomkuta kinabaki waridi. Vipimo vya LAMP vya kumtambua incognita na ndugu zake vimekuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ipo pia njia iitwayo RPA, inayohitaji joto la nyuzi 40 hivi, karibu na joto la mwili wa mtu mwenye homa.

Je, mambo haya yanawezekana shambani Afrika Mashariki, nje ya karatasi za watafiti? Kwa virusi vya muhogo yameshafanyika. Watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, akiwemo Dk. Joseph Ndunguru aliyekuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni na baadaye kuongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, walishirikiana na mtafiti Laura Boykin, aliyekuwa akifanya kazi Australia. Walibeba kifaa cha kusoma vinasaba kinachoenea kiganjani, wakakitumia shambani. Mwaka 2018 nchini Kenya walikaa chini ya mti, wakachukua majani ya muhogo uliougua, na ndani ya saa chache tu mkulima akaambiwa ni virusi gani. Waliiita maabara ya mti.

Muhogo ulikuwa na jani la kukata, udongo hauna. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kipimo kimeshafika na kilichobaki ni kukinunua. Udongo mweusi wenye mboji, ule tunaoupenda, una asidi zinazozuia vimeng'enya vya kipimo visifanye kazi. Lazima vinasaba vioshwe kwanza, na hatua hiyo ndiyo inayochelewesha na kugharimu kuliko nakala zenyewe. LAMP inavumilia uchafu kuliko PCR, lakini nayo ina kikomo. Kwa hiyo kama mmea ungali shambani, peleka mzizi wenye vinundu pamoja na udongo. Kinundu kimoja kina jike mzima, tayari ametengwa na udongo, na mtaalamu akimpata huyo kazi yake inakuwa nyepesi mno.

"Darubini sasa ni ya kuweka kabatini."

Si kweli hata kidogo. Kipimo cha vinasaba kinajibu swali ulilokiuliza. Ukiuliza kuhusu incognita, kitakwambia incognita yupo au hayupo, na hakitakutajia Pratylenchus, mnyoo anayezunguka ndani ya mizizi ya mahindi akiacha vidonda vyeusi bila kinundu hata kimoja. Mtu mwenye darubini anawaona wote waliomo kwa mara moja, anawahesabu, na anakwambia ni wachache au wamefurika.

Njia ya kuwatoa udongoni ni rahisi kiasi kwamba shule ya sekondari inaweza kuifanya. Whitehead yuleyule wa Mlalo, pamoja na mwenzake Hemming, waliilinganisha na nyingine mwaka 1965, na mpaka leo inaitwa trei ya Whitehead. Unaweka wavu ndani ya trei, juu yake karatasi laini, juu yake udongo uliotandazwa mwembamba, kisha unamimina maji taratibu mpaka udongo uloe kutokea chini. Unaiacha siku moja au mbili. Minyoo walio hai wanapenya karatasi na kuzama majini, udongo unabaki juu. Maji hayo ndiyo yanayotazamwa. Na yakipimwa vinasaba, majibu yanakuwa bora kuliko ya udongo mbichi, kwa sababu gramu mia kadhaa za udongo zimegeuka kuwa tone moja safi.

Katika tone hilo utaona pia minyoo wengi wasiogusa mmea wowote. Wanakula bakteria, ukungu au minyoo wenzao, na wanaachia rutuba. Shamba ambalo maji yake hayana mnyoo hata mmoja halijapona, limekufa.

"Nimepiga dawa, kipimo bado kinasema yupo. Basi dawa ni feki."

Huenda ni feki, lakini kipimo peke yake hakithibitishi hilo. Vinasaba vya mnyoo aliyekufa vinakaa udongoni kwa muda kabla ya kuoza, na PCR au LAMP haitofautishi mzoga na mzima. Anayetaka kujua kama dawa imefanya kazi atumie trei, maana mzoga hauwezi kupenya karatasi, au apande miche michache ya nyanya ya kawaida kwenye udongo huo na kuichimbua baada ya wiki 6. Miche hiyo nayo ni kipimo, cha polepole, lakini hakidanganyi kuhusu uhai.

"Marejea ni mbolea ya kijani tu."

Wazee wa upande wa Peramiho watakumbuka miaka ya 1980, Padre Gerold Rupper wa abasia ya Wabenediktini alipohangaika kuwashawishi wakulima wapande marejea. Ni mmea wa jamii ya kunde, Crotalaria ochroleuca, na sifa yake kubwa ilikuwa kurudisha rutuba na kuzima magugu. Kilichozungumzwa kidogo ni kwamba jamii hii ya mimea ni mwenyeji mbaya kwa minyoo fundo. Mnyoo anaingia kwenye mzizi, lakini wengi hawafiki umri wa kutaga. Kwa hiyo si mbolea tu.

Lakini hata hapa jina la mnyoo lina uzito. Ndugu mmoja wa marejea, Crotalaria juncea, anawapunguza minyoo fundo vizuri huku akimlea Pratylenchus brachyurus. Ukiipanda bila kujua aliyeko, unaweza kufukuza mmoja na kumlisha mwingine. Ninatamani sana kuiona marejea ikirudi kwenye mabonde yetu, na ningependa irudi ikiwa imetanguliwa na kipimo.

"Mnyoo hatembei, shamba langu jipya ni salama."

Hatembei, ni kweli. Kwa nguvu zake mwenyewe hamalizi hata hatua chache kwa msimu. Sisi ndio tunaombeba, kwenye jembe, kwenye viatu, kwenye maji ya mfereji, na zaidi ya yote kwenye miche. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba mnyoo kivimbe wa viazi, Globodera rostochiensis, amepatikana Nyandarua nchini Kenya. Asili yake ni Amerika Kusini, kwenye milima ya Andes. Mayai yake yanakaa ndani ya kifuko kigumu udongoni kwa miaka mingi yakisubiri kiazi kipandwe. Mtu akinunua gunia la mbegu ya viazi lisilojulikana lilikotoka, ananunua na udongo ulioganda kwenye mbegu hizo.

Trei ya miche ya nyanya niliyoinunua mimi ndiyo iliyoleta vinundu bustanini kwangu. Sasa kabla ya kulipa naomba kuosha mizizi ya miche mitatu kwenye kopo la maji. Ikiwa myeupe na laini kama uzi, nalipa.

"Kipimo kikisema hakuna, shamba ni safi."

Hili ni hatari kuliko yote, kwa sababu linatoka kinywani mwa mtu aliyefanya jambo la kisasa na akaamini amemaliza. Minyoo hawakai sawasawa shambani. Wanarundikana hapa, pale hawapo kabisa, hatua tatu mbele wamefurika. Kipimo cha vinasaba mara nyingi kinatumia udongo usiojaa kijiko. Kama kijiko hicho kimetoka kwenye kona moja, majibu yake ni ya kona hiyo.

Kwa hiyo kazi inaanza na jembe. Wakati mzuri ni mwisho wa msimu, mahindi yakiwa yamekauka na udongo ukiwa bado na unyevu kidogo, kabla ya kuandaa matuta ya nyanya. Tembea shambani kwa kupindapinda kama mtu anayefuata njia ya ng'ombe. Chota sehemu 15 au 20, kina cha kiganja na nusu, karibu na mizizi, siyo udongo wa juu uliokauka. Changanya zote kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo, funga kwenye mfuko wa nailoni ili usikauke. Sehemu iliyodumaa ichukue peke yake kwenye mfuko wa pili, na mizizi yake. Usianike, usiweke kwenye friji ya kugandisha, na usiuache mfuko kwenye dashibodi ya gari. Minyoo waliokufa njiani hawatapenya karatasi ya trei.

Kutoka hapa Songea mfuko una safari ndefu. Anza kwa afisa kilimo wa kata. Wataalamu wa minyoo ya mimea na maabara za vinasaba wako kwenye taasisi kama Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, vituo vya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na Mamlaka ya Afya ya Mimea yenye makao yake Arusha. Ndiyo maana kifaa cha betri na kichupa kinachogeuka njano kingekuwa na faida kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mkulima anayeishi jirani na maabara.

Tia mifuko yote miwili ndani ya mfuko mwingine wa nje, na humo weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino unafutika kwa unyevu. Andika mtaa, tarehe, zao la mwaka huu, zao la mwaka jana, dawa uliyotumia, na zao unalotaka kupanda. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na bila hilo mtaalamu atakutajia jina la mnyoo asiweze kukwambia kama nyanya zako ziingie shambani au zisubiri.